Posta katika Milima ya Uluguru

Wajerumani walifungua ofisi za kwanza za posta za koloni lao Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi Oktoba 1890. Barua za bara zilichukuliwa na matarishi waliofuata njia za misafara. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipofika Morogoro mwaka 1907, mfuko wa barua ukaanza kusafiri kwa treni. Posta ikawa huduma ya mjini, chini ya Milima ya Uluguru, ilhali Waluguru wengi waliishi juu: Mgeta, Matombo, Kinole, Tegetero. Huko sehemu nyingi zilifikiwa kwa njia za mguu tu.

Waingereza waliuteka mji wa Morogoro Agosti 1916, na mwaka 1922 stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zikaanza kutumika. Mwaka 1933 posta ya Tanganyika iliunganishwa na zile za Kenya na Uganda.

Umbali kati ya mji na mlima haukuzibwa hasa na ofisi mpya; ulizibwa zaidi na sanduku la posta (S.L.P.). Vijijini hakukuwa na mtu wa kugawa barua mlango kwa mlango. Bahasha iliandikwa jina la mwenyewe, kisha jina la shule au misheni, na S.L.P. yake Morogoro. Mwalimu au katekista aliyeshuka mjini kwa shughuli nyingine alirudi na barua za kijiji kizima, zikagawiwa kupitia wanafunzi au baada ya misa ya Jumapili. Kijana aliyekwenda kukata mkonge Kilosa au kutafuta kazi Dar es Salaam alituma hela kwa hawala ya posta, na wazazi wakashuka kuichukua dirishani. Kazi hiyo ya walimu na makatekista haikulipwa wala kuingizwa katika hesabu za posta, na bila hiyo Uluguru isingekuwa na posta ya maana.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha posta ya nchi hizo tatu, kuvunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Posta na Simu. Humo mapato ya simu yalisaidia kubeba ofisi ndogo ambazo mauzo ya stempu hayakutosha kuziendesha. Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliukata mshipa huo. Benki ya Posta ilitengwa kwa sheria ya mwaka 1991. Kisha simu na posta zikatenganishwa, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi tarehe 1 Januari 1994. Kihesabu hatua hiyo ilieleweka, kwani kila shirika lilipaswa kujitegemea. Kwa ofisi ya kijijini ilikuwa pigo: ilibaki na wajibu wa kuhudumia wote, bila simu wala akiba za kuigharimia. Mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliingia nchini, na hawala ya posta nayo ikapoteza wateja.

Ofisi zenye taasisi kubwa jirani zilikuwa na nguvu zaidi. Chuo Kikuu Mzumbe kinatumia S.L.P. 1, Mzumbe, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinatumia S.L.P. 3000, Chuo Kikuu, Morogoro. Mgeta, yenye mboga nyingi na taasisi chache, haikuwa na mteja wa namna hiyo.

Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kusaidia maeneo yasiyovutia wafanyabiashara, ingawa matunda yake yameonekana zaidi kwenye minara ya simu. Baadaye yalikuja mageuzi ya aina nyingine: vituo vya Huduma Pamoja, vinavyokusanya huduma za serikali ndani ya majengo ya posta, na anwani za makazi zilizosambazwa kwa kasi mwaka 2022. Kata za milimani zimepata misimbo ya posta inayoanza na 67, kama kata zote za mkoa. Msimbo humtambulisha mkazi asiye na sanduku, lakini kifurushi bado kinahitaji mtu wa kukipandisha. Kwa hiyo kulinda posta ya Uluguru kunahitaji wakala anayelipwa katika duka, shule au ofisi ya kata, afanye kwa ujira kazi ambayo mwalimu na katekista waliifanya bure.