Rekodi: Kiwango, Mipaka na Maandishi

Tarehe 16 Agosti 2023, timu iliyokuwa imepanda daraja kwa jina la Kitayosce na kuanza Ligi Kuu kama Tabora United ilishuka Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ikiwa na wachezaji wanane tu. Wawili wakaumia, wakabaki sita. Sheria za soka haziruhusu timu kuendelea ikiwa na wachezaji pungufu ya saba, kwa hiyo mchezo ukavunjika huku Azam wakiongoza kwa mabao 4-0, matatu kati ya hayo yakiwa ya Feisal Salum. Tukio hilo liliwaachia wapenzi wa soka maswali mazito. Mabao matatu yaliyofungwa katika mchezo usiofika hata mapumziko yana hadhi gani? Yakifungwa upesi kuliko mengine yote, ni rekodi? Na kipigo hicho kinaingia katika rekodi ya timu, au kinakaa pembeni kwa kuwa mchezo haukumalizika?

Wabishi wa maswali haya wengi huanza na waliyoyaona kwa macho. Wanasahau kukubaliana kwanza juu ya neno lenyewe, maana katika Kiswahili cha leo neno “rekodi” limebebeshwa mizigo mitatu, na kila mbishi huchukua ule unaomfaa.

Mzigo wa kwanza ni wa sauti. Kwa waliokulia enzi za santuri, rekodi ni ile sahani nyeusi yenye wimbo, na kitenzi “kurekodi” mpaka leo maana yake kubwa ni kunasa sauti au picha. Mzigo wa pili ni wa ofisi: rekodi za wagonjwa, rekodi za wanafunzi, rekodi za mauzo. Hapo neno linasimama mahali pa “kumbukumbu”. Mzigo wa tatu ndio wa michezo: kiwango ambacho hakuna aliyekipita.

Kwa maana hii ya tatu, fasili ninayoitetea ni hii: rekodi ni kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa katika jambo linalopimika, ndani ya mipaka iliyotajwa, kikathibitishwa na mwenye mamlaka na kuandikwa. Nguzo zake ni nne: kipimo, mipaka, uthibitisho na maandishi. Ikikosekana moja, tendo linaweza kuwa la ajabu na la kusifiwa vizazi na vizazi, lakini halijawa rekodi.

Tuanze na kipimo. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba fulani “amevunja rekodi kwa kuwa wa kwanza”. Hapo pana mkanganyiko. Jambo la kwanza halipimiki kwa zaidi au pungufu, na halivunjiki: aliyetangulia ametangulia milele. Huyo ameweka historia. Rekodi kwa tabia yake inasubiri mtu wa kuipita. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan “Masimenti” mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga akajifunga mwenyewe. Ushindi wa tofauti ya mabao sita katika dabi ya watani ni rekodi, kwa sababu siku yoyote unaweza kupatikana wa mabao saba. Mabao matatu ya Kibadeni katika dabi moja nayo ni rekodi inayoweza kufikiwa au kupitwa. Lakini kwa mji wa Tabora, kuingia Ligi Kuu kwa klabu yake ya Rhino Rangers msimu wa 2013/14 na kushuka msimu uleule ni historia ya mji, wala si rekodi.

Nguzo ya pili, mipaka, ndiyo inayozaa mabishano mengi. Kila rekodi ina uwanja wake wa kutawala: dunia, bara, taifa, mashindano, msimu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Kwa mbio moja aliweka rekodi ya dunia, rekodi ya mashindano na rekodi ya taifa. Rekodi ya dunia ilichukuliwa na Sebastian Coe mwaka 1979. Rekodi ya mashindano ilidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoipita Birmingham mwaka 2022. Ya taifa ilibaki mikononi mwa Bayi hata baada ya hizo mbili kuondoka. Kwa hiyo anayesema rekodi ya Bayi ilivunjwa zamani na anayesema haijavunjwa wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Kinachokosekana katika maneno yao ni mpaka. Mwandishi makini asiliache neno hili peke yake: aseme rekodi ya nini, ya wapi na ya kipindi gani.

Mipaka ya msimu nayo ina mtihani wake. Wapenzi wa besiboli, mchezo ambao katika muongo wa 2010 ulianza kuota mizizi katika shule kadhaa za Tanzania kwa msaada wa Wajapani, wanalo bishano maarufu. Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga mipigo 60 ya kuutoa mpira nje ya uwanja katika msimu mmoja. Mwaka 1961 Roger Maris akapiga 61. Lakini msimu wa Ruth ulikuwa wa michezo 154, na ligi ya Maris ilikuwa imeongeza michezo hadi 162. Kamishna wa besiboli, Ford Frick, aliamua kwamba atakayempita Ruth baada ya mchezo wa 154 aandikwe kando. Umma ukauita uamuzi huo “kinyota”, kwa alama ya nyota inayowekwa juu ya namba kuonyesha kwamba kuna maelezo, ingawa alama yenyewe haikuchapwa kwenye kitabu rasmi. Mwaka 1991 utenganisho huo ukafutwa, na Maris akatambuliwa kuwa mwenye rekodi nzima wakati ule.

Kinyota ni istilahi tunayoihitaji sana. Mohamed Hussein “Mmachinga” wa Yanga anatajwa kwa mabao yake 26 ya msimu wa 1999, na kila mfungaji bora wa leo hupimwa kwa namba hiyo. Lakini idadi ya timu na mfumo wa ligi yetu vimebadilika mara kadhaa. Haki kwa Mmachinga na haki kwa washambuliaji wa leo ni kuandika idadi ya michezo pembeni ya idadi ya mabao. Kinyota hakimpunguzii mtu sifa. Kinamwezesha msomaji kulinganisha vitu vinavyolingana.

Nguzo ya tatu ni uthibitisho. Hapa Afrika Mashariki imetoa mifano ambayo dunia nzima inaijadili. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda uliokuwa chini ya rekodi ya dunia ya wakati ule. Haukukubaliwa, kwa kuwa njia ya Boston inateremka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huo nao haukuwa rekodi, kwani hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji walipokezana kumkinga upepo. Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, muda wake ulitimiza masharti yote, na ukathibitishwa Februari 2024, siku chache kabla ya ajali iliyomwua. Kwa mbio za Boston na Vienna Kiswahili kina maneno safi: “muda bora”. Tukisema Kipchoge alipata muda bora wa marathoni mwaka 2019 na Kiptum aliweka rekodi mwaka 2023, hatujamdhulumu yeyote.

Katika soka, mthibitishaji ni ripoti ya mwamuzi na ya kamisaa wa mchezo, kisha uamuzi wa wenye ligi. Mtangazaji si mthibitishaji, na hili ni gumu kulisema mbele ya watu waliolelewa na redio. Vizazi vizima vya Tabora, Kigoma na Ujiji viliujua mpira kwa sauti za watangazaji wa Redio Tanzania, akiwemo marehemu Charles Hilary, kama vile Kenya ilivyoujua kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela. Mtangazaji akisema bao ni la fulani, bao hilo huwa la fulani masikioni mwa taifa. Lakini mpira ukiwa umemgonga beki, ripoti inaweza kumwandikia mwingine. Mtangazaji ni shahidi wa kwanza, na ushahidi wake ni wa thamani kubwa pale ripoti zinapopotea. Hukumu haitoki kwake. Ndiyo maana hadhi ya mabao matatu ya Chamazi haiwezi kuamuliwa na aliyeyaona wala aliyeyatangaza. Inaamuliwa na kanuni inayosema mchezo uliovunjika unahesabiwaje, na uamuzi uliotolewa kwa kanuni hiyo.

Kuna swali jingine linaloihusu timu hiyohiyo ya Tabora. Rekodi ni ya nani, jina likibadilika? Kitayosce ilikuja kuwa Tabora United, na mwaka 2025 Tabora United ikawa TRA United. Ushindi wa 3-1 dhidi ya Yanga wa Novemba 2024, uliopatikana palepale Chamazi, ni wa jina, wa klabu au wa mji? Wamarekani walikutana na swali hilo mwaka 1958, timu ya besiboli ya Dodgers ilipohama Brooklyn kwenda Los Angeles. Kitabu cha takwimu kikaifuata klabu, na watu wa Brooklyn wakabaki na kumbukumbu zao. Huo ndio utaratibu unaofaa: rekodi ifuate uanachama wa ligi, jina la wakati ule litajwe, na mji uhifadhi historia yake yenyewe.

Nimeifikia nguzo ya nne, maandishi, na hapa Tabora inazungumza kwa mamlaka kuliko miji mingi. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mzungu mwingine, Stanley, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe, eneo hilohilo la Tabora, Juni. Siku hizo zinajulikana kwa sababu wageni hao walikuwa na daftari. Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo katika njia hiyohiyo, wakaenda pwani na kurudi msimu baada ya msimu, hawana namba hata moja kwa majina yao. Mwongozaji misafara Sidi Mubarak Bombay aliongozana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron, ambaye msafara wake ulivuka bara zima hadi Atlantiki mwaka 1875. Safari zote nne zilipita Tabora. Tunajua hayo kutoka katika daftari za aliowatumikia. Wapagazi wangapi walimpita kwa mwendo na kwa miaka njiani? Hakuna aliyewahesabu.

Besiboli ya Marekani imelazimika kulijibu swali la aina hiyo. Kwa miongo mingi wachezaji weusi walizuiwa kuingia ligi kubwa, wakacheza katika ligi zao. Josh Gibson, mmoja wa wachezaji hao, alifariki Januari 1947, na Aprili ya mwaka huohuo mweusi mwenzake, Jackie Robinson, akaingia ligi kubwa. Desemba 2020 ligi saba za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 zilipewa hadhi ya ligi kubwa, na Mei 2024, baada ya watafiti kukusanya matokeo yaliyotawanyika magazetini, takwimu zake zikaunganishwa na kitabu kikuu. Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga kwa wachezaji wa nyakati zote: 0.372, yaani mipigo 372 iliyofanikiwa katika kila majaribio 1,000. Akampita Ty Cobb mwenye 0.367. Wote wawili walikuwa wamekufa zamani, na hakuna mpira mpya uliopigwa. Kilichobadilika ni daftari.

Basi tulitumie neno kwa kulitenga. “Rekodi” ibaki kuwa kiwango kisichopitwa. Tuseme kuweka rekodi, kuishikilia, kuifikia na kuivunja. Tusiseme “amevunja rekodi mpya”, kwani inayovunjwa ni ya zamani na mpya huwekwa. Daftari la matokeo liitwe “kumbukumbu”. Ushindi na vipigo vya timu vijumlishwe katika “takwimu”. Tendo la mwanzo liwe “historia”, na kasi isiyotimiza masharti iwe “muda bora”. Mchezaji ambaye daftari halimtaji asiitwe mtu asiye na rekodi kana kwamba hakufanya kitu, aitwe asiyeandikwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya haki.

Milambo, klabu ya Tabora yenye jina la mtemi aliyefariki mwaka 1884, ilicheza miaka mingi kabla ya simu za kupiga picha, na waliokuwa uwanjani wengi wangali hai. Majina yao, mabao yao na tarehe zake zinaweza kukusanywa sasa kutoka magazeti ya zamani, ripoti za chama cha soka cha mkoa na vinywa vya wachezaji wenyewe, kila taarifa ikilinganishwa na nyingine kabla ya kuandikwa. Kazi hiyo inahitaji daftari, subira na mtu wa Tabora wa kuianza.