Multimita ya bei nafuu

Multimita ni kifaa cha mkononi cha kupimia volti, ampea na ohmu. Mafundi wengi huiita mita au testa. Iliyotangulia kupata jina ni Avometer, iliyoingia sokoni mwaka 1923 kutokana na wazo la Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba vipimo mbalimbali. Leo mita za kidijitali za aina ya DT-830 ni rahisi kiasi cha kuwa mkononi mwa karibu kila anayejifunza ufundi. Kabla ya kununua, kinachofaa kujulikana ni kazi inazozimudu na kazi zinazodai kifaa imara zaidi.

Mazingira ya matumizi

Umeme wa majumbani nchini Malawi ni volti 230, hezi 50. Mwongozo huu unawalenga mafundi wa Likuni na Dzaleka nchini humo. Likuni iko kusini-magharibi mwa Lilongwe. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za wakazi wake waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Fundi wa maeneo haya hukutana na umeme wa gridi ya ESCOM (shirika la umeme la Malawi), sola na betri za magari, hivyo mita yake lazima ipime mkondo geu na mkondo mnyoofu.

Usalama

Jambo la kwanza ni alama ya CAT, yaani daraja la usalama wa mita, na volti zake. CAT II inatosha kwa vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi. Ubao wa swichi kuu na nyaya za ukutani huhitaji CAT III ya volti 300 au zaidi. Alama peke yake si uthibitisho, kwani bidhaa nyingi rahisi huchapwa viwango zisivyovifikia. Tundu la 10 A la DT-830 nyingi limeandikwa UNFUSED, yaani halina fyuzi. Waya ukisahauliwa humo, kisha ncha zikaguswa kwenye soketi, hutokea shoti inayoweza kulipua mita na kumuunguza anayeishika. Kwa hiyo mita hiyo ibaki kwenye betri na sola. Wa kufungua ubao wa umeme aongeze fedha apate yenye fyuzi za kauri na nyaya nene zaidi.

Vipimo vya gari na sola

Betri ya gari ya volti 12, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, husoma 12.6 au zaidi ikijaa, na 12.2 ikibaki karibu nusu. Injini ikiwaka, alteneta inayochaji vizuri huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Wakati wa kupiga stata, kushuka chini ya 9.6 ni dalili ya betri dhaifu. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 husoma takriban 21 juani ikiwa haijaunganishwa na chochote; hilo si kosa la mita.

Wanaopima invata zisizotoa mawimbi laini wanahitaji mita yenye maandishi True RMS, kwa kuwa nyingine huonyesha volti pungufu. Kwa mkondo mkubwa, mita ya kubana waya ni salama zaidi, ila aina nyingi rahisi hupima mkondo geu tu. Modeli kama UNI-T UT210E hupima na mkondo mnyoofu.

Kukagua kabla ya kulipa

Gusanisha ncha mbili kwenye kipimo cha chini kabisa cha ohmu: namba ikizidi 1 au ikirukaruka, nyaya ni mbovu. Pima betri mpya ya 1.5 V, isomeke kati ya 1.5 na 1.6. Ikisoma juu mno, badilisha kwanza betri ya 9 V iliyomo ndani, kwa kuwa ikichoka hupandisha namba za DT-830, kisha upime tena.