Stakabadhi za Kodi za Bibi

Bibi yangu wa Kidete hakuwahi kufunga ndoa. Babu alikuwa mtu wa genge la reli. Alimchukua tu, akamweka kwenye nyumba ya udongo karibu na stesheni, na kwao alikuwa na mke mkubwa. Mahari ilitajwa, haikutolewa. Wakazaa watoto watano. Babu alipofariki, Mwingereza akiwa bado yupo, ndugu zake wakaja kudai nyumba na shamba. Eti huyu si mke, ni hawara.

Bibi akaingia ndani, akatoka na stakabadhi za kodi, akazitandaza mkekani mbele ya wazee. "Shemeji, kila mwaka kaka yenu amelipa kodi ya mke wa pili. Huyo mke wa pili ni nani?"

Kodi ya nyumba waliianza Wajerumani mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, na mwenye wake zaidi ya mmoja akawa anaongezewa. Kwa mtoza kodi, ndoa haikuhitaji shehe, padri wala mbuzi wa mahari. Palipo na mwanamke na jiko lake, pana hela ya kudai. Hakuna aliyekusudia kumlinda bibi yangu, hilo tusidanganyane. Lakini yeye alisema wanaume wengine, karani akifika, walisema "huyu ni dada yangu" ili wapunguziwe. Babu hakusema hivyo hata mwaka mmoja. Kwa bibi, hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yenyewe.

Sheria ya kumsaidia ilikuja akiwa mtu mzima sana. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kuwa wameoana. Vijiweni tunakatisha hapo: "miaka miwili, basi, ni ndoa." Si hivyo, bwana. Ni dhana tu, na mahakamani inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Ila hata ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kumpa nafuu nyingine. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa.

Hizo "watu wakawajua" ndizo zinanirudisha mkekani. Huko Marekani, kwenye majimbo kama Texas na Colorado yanayotambua ndoa zisizofungwa rasmi, wawili wakijaza fomu moja ya kodi kama mume na mke, fomu ile hutumika kama ushahidi wa ndoa. Bibi hakuwahi kusikia habari za Texas.

Wazee walibishana mpaka jioni. Nyumba wakamwachia. Shamba la mtoni likaenda kwa shemeji mkubwa, na mpaka anakufa hakumsalimia.

Stakabadhi zenyewe sikuwahi kuzishika. Zilikuwa kwenye sanduku la bati kwa mjomba, na mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliyong'oa reli huku kwetu yaliondoka na sanduku pia.