Mwaka 1863

Mgeni anayefika Mbozi huulizia kwanza kimondo, na si ajabu. Pande lile la chuma lililoko kilima cha Marengi linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Wataalamu wa nje walianza kulifahamu mwaka 1930, na mwaka 1967 likawekwa chini ya hifadhi ya Serikali. Huo ni urithi usio na usumbufu mwingi. Hauna paa la kuvuja wala mlango wa kuliwa na mchwa. Ukiwazuia watu wasiukate vipande, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Majengo hayako hivyo. Misheni hii ya Wamoravian ilianza mwaka 1899, miaka minane baada ya wenzao kufika Rungwe, na mwanzilishi wake alikuwa Traugott Bachmann, yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Hebu sasa tuisome Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, jengo linalopata ulinzi kwa umri wake tu ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Fanya hesabu, ndugu msomaji. Hakuna hata tofali moja la misheni ya Mbozi linaloweza kufikia umri huo. Wala si sisi wa bara ya mbali tu. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa na Sultani Majid mnamo 1866-67, limeukosa mwaka huo kwa miaka michache. Kanisa la Azania Front, lililofunguliwa mwaka 1902, limeukosa kwa karibu miaka arobaini.

Kama sheria ingesema "jengo la miaka mia moja," ingetembea pamoja na wakati. Imetaja mwaka, kwa hiyo imesimama pale pale. Sheria ilipotungwa, nyumba ya mwaka 1899 ilikuwa na umri wa miaka 65; leo imepita miaka 120, na mbele ya sheria bado ni kijana. Ipo njia nyingine, nayo ni Waziri kulitangaza jengo katika Gazeti la Serikali. Lakini njia hiyo hungoja mtu alijue jengo, aliandikie, afuatilie. Jiji lina watu wa kazi hiyo. Huku kwetu kazi hiyo hubaki kwa wazee wa kanisa, ambao kila Jumapili wanaona waumini wamesimama nje kwa kukosa nafasi. Wakiamua kubomoa la zamani ili wajenge kubwa, mimi siwezi kuwaita wajinga. Wana haja ya kweli.

Hata hivyo, tusidhani kuwa tangazo la Serikali ni dawa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa na kila ulinzi unaoweza kuandikwa. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji wenyewe ukaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakafa. Jumba lilikuwa limechoka kwa miaka mingi kabla ya siku ile. Maji hayasomi Gazeti la Serikali.

Na maji ndiyo adui mkubwa hapa Mbozi pia, kwani mvua zetu si za mzaha. Nyumba ya zamani ya matofali yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa hupumua: unyevu huingia, halafu hutoka. Fundi wa siku hizi, kwa nia njema kabisa, huipiga lipu ya saruji ili ipendeze. Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, tofali hulainika ndani kwa ndani, na siku lipu inapobanduka hubanduka pamoja na uso wa tofali. Watu husema nyumba imezeeka. Imezibwa pumzi. Kuchimba mfereji kuzunguka msingi, kurudisha bati lililong'oka kabla ya masika, na kuziba nyufa kwa chokaa badala ya saruji ni kazi ndogo zinazookoa jengo kuliko kibao chochote cha chuma chenye maandishi. Kilwa Kisiwani iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014, na kilichoitoa humo ni kazi ya mikono ya kukarabati magofu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo halina bati wala mlango. Kabla ya Bachmann kufika, Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, refu kupita mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Majembe ya dukani yaliiua kazi ile. Tanuru hizo nazo zina shida ya 1863, kwa kuwa nani ataapa kwamba hii ilijengwa mwaka 1850 na ile mwaka 1900? Tukiulizwa historia ya majengo tunaonyesha kanisa, na kanisa linastahili. Lakini watu waliofyatua na kuchoma matofali yale walikuwa wenyeji wa nchi hii, wa kizazi kilichojua udongo na moto kwa sababu ya tanuru zile. Na mwaka 1916, Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita, walimu wenyeji ndio walioendeleza sehemu kubwa ya ibada na masomo ndani ya kuta hizo.

Kanisa likibomolewa, angalau litabaki kwenye picha ya arusi ya mtu. Tanuru huondoka kwa asubuhi moja ya trekta. Mkulima huona mavi ya chuma yamezuia jembe, huyakusanya na kuyatupa pembeni mwa shamba, kisha hupanda kahawa.