Jinsi ya kuhamishia nyimbo kwenye kompyuta mpya

Wengi wanaponunua kompyuta mpya hudhani kwamba kunakili nyimbo pekee kunatosha. Kwa watumiaji wa iTunes, programu iliyozinduliwa na kampuni ya Apple mwaka 2001, sivyo. Orodha za nyimbo alizozipanga msikilizaji huhifadhiwa katika faili tofauti ya maktaba, na faili hiyo ikiachwa nyuma, kazi ya miaka hupotea.

Kwanza, nyimbo zilizotawanyika zikusanywe mahali pamoja kwa amri iliyomo katika programu hiyo. Pili, programu ifungwe, kisha folda nzima ya iTunes inakiliwe kwenye diski ya nje na kuhamishiwa kompyuta mpya. Katika Windows, kitufe cha Shift hubanwa wakati wa kuifungua iTunes, ili kuichagua maktaba iliyohamishwa.

Nyimbo nyingi zilizonunuliwa Apple kabla ya mwaka 2009 zina kinga, na husikika katika kompyuta zisizozidi 5 zilizoidhinishwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuza kompyuta ya zamani, mmiliki aifutie idhini. Wala asifute chochote humo kabla ya kuhakikisha kwamba nyimbo zote zinasikika katika ile mpya.