Umeme wa nchi kavu kwenye boti: breka ikiruka, tatizo utalisakaje?

Wadau, boti nyingi siku hizi ukizikuta gatini zimechomekwa waya kutoka nchi kavu kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Ndani kuna friji, chaja ya betri, hita ya maji, pampu na taa. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku breka inaporuka, unairudisha, inaruka tena. Anaitwa fundi wa nyumba, anaangalia dakika tano, anang'oa waya wa ethi, breka inatulia, analipwa, anaondoka. Mnasema boti imepona. Haijapona kitu! Umeme bado unavuja, ila sasa njia yake ya kurudia imezibwa, na iliyobaki ni maji, au mtu atakayeshika chuma. Basi leo tulisake tatizo lenyewe, hatua kwa hatua.

KWANZA TUIJUE NJIA YENYEWE

Umeme unatoka kwenye soketi ya gatini, unapita kwenye kebo, unaingia boti kwenye soketi yake, unafika breka kuu, halafu unagawanyika kwenda kwa kila kifaa. Nyaya ni tatu: wa moto, nyutro na ethi. Tanzania volti ni 230, Kenya ni 240.

Pia tusichanganye breka. Breka ya kawaida inakata kwa sababu mbili: mzigo umezidi, au moto na nyutro vimegusana. ELCB (mafundi wengine wanaiita RCD) kazi yake ni nyingine. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukitoka mwingi ukarudi pungufu, maana yake kuna uliopotelea kwingine, basi inakata. Nyingi zimetengenezwa kwa milliampia 30, na zinaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: imeruka ipi? Ukilijibu hilo, nusu ya kazi umemaliza.

HATUA YA 1: NI NCHI KAVU AU NI BOTI?

Chomoa kebo yote, pima soketi ya gatini peke yake. Kati ya moto na nyutro upate kama 230, kati ya moto na ethi vilevile, kati ya nyutro na ethi iwe karibu na sifuri. Ukikuta sifuri kati ya moto na ethi, halafu 230 kati ya nyutro na ethi, nyaya zimegeuzwa. Ukikuta namba za ajabu ajabu zisizotulia kwenye ethi, huenda ethi yenyewe imekatika. Yote mawili hayo usichomeke boti, mwambie mwenye gati. Kupima kitu chenye umeme si kazi ya kujaribia, mtafute fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni zinatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA.

HATUA YA 2: KEBO

Chomeka kebo gatini, upande wa boti uache wazi, mahali pakavu ambapo hakuna mkono wa mtu wala mtoto anayepita. ELCB ikiruka, ugonjwa uko kwenye kebo. Kama haikuruka, zima umeme, chomoa, halafu kagua kwa macho. Pini nyeusi au plastiki iliyoyeyuka ni dalili ya mguso uliolegea: umeme ukipita pembamba unazaa joto, na moto wa boti mara nyingi unaanzia hapo. Tazama chumvi ndani ya plagi, na sehemu ambazo kebo inasagwa na ukingo wa gati kila maji yakipanda na kushuka. Kebo iliyoungwa kwa selotepu ikalazwa majini, hiyo usiitengeneze, itupe.

HATUA YA 3: KIFAA KIMOJA KIMOJA

Kebo ikiwa nzima, zima breka zote za boti na uchomoe kila kifaa. Washa breka kuu, kisha washa nyingine moja moja, halafu rudisha vifaa kimoja kimoja. Kitakachofanya ELCB iruke ndicho mtuhumiwa wako.

Mtuhumiwa sugu ni hita ya maji. Koili yake ikipasuka kidogo tu, maji yanaingia ndani. Hita ya wati 1500 ukiipima ikiwa imetolewa kwenye umeme, kati ya ncha zake mbili unatarajia kama omu 35, lakini kati ya ncha na bodi ya chuma isisome kitu kabisa. Kuna hita zinazovuja zikishapata moto tu, hivyo mita ya kawaida inaweza kukudanganya. Hapo inatakiwa mita ya kupimia insulesheni, ile inayosukuma volti 500, na matokeo yasipungue megaomu 1. Kabla ya kuitumia toa chaja, inveta na vyombo vyote vya elektroniki, vinginevyo utaviunguza.

Na kama hakuna mtuhumiwa mmoja? Chaja na vifaa vya elektroniki kila kimoja huwa kinavujisha kidogo kwa maumbile yake. Kimoja si neno, lakini vitano kwa pamoja vinaifikisha ELCB ukingoni. Halafu siku ya mvua unyevu unaongeza kidogo, inaruka. Ndiyo maana inafaa kuwa na daftari: imeruka saa ngapi, nini kilikuwa kimewashwa, mvua ilikuwepo au la.

HATUA YA 4: INARUKA HATA VYOTE VIKIZIMWA

Hapa ndipo mafundi wengi wanapotokwa jasho. Breka ndogo nyingi zinakata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeungwa. Kwa hiyo nyutro ikigusana na ethi mahali popote ndani ya boti, kuzima breka hizo hakusaidii. Boti ikiwa kwenye umeme wa nchi kavu, nyutro na ethi hazitakiwi kukutana ndani yake. Muungano huo unakuwepo tu pale boti inapojitengenezea umeme wake kwa jenereta au inveta. Basi chomoa kebo, fungua nyutro moja moja kwenye ubao, pima kila moja na ethi. Itakayoonyesha mguso, ifuate mpaka mwisho wake. Kagua inveta pia. Zipo zinazounga nyutro na ethi zenyewe zikiwa kazini, na swichi yake ya ndani ikinasa, muungano unabaki hata umeme wa nchi kavu ukirudi.

HATUA YA 5: JE, UNAVUJIA MAJINI?

Chukua mita ya kubana yenye kusoma milliampia, ibane kebo nzima, nyaya zote tatu kwa pamoja. Inatakiwa isome sifuri, kwa sababu kinachokwenda kinarudi humo humo. Ikisoma kitu, kuna umeme unaopita majini. Sasa zima breka kuu ya boti. Ikishuka kuwa sifuri, uvujaji ni wako. Ikiendelea kusoma, kuna uwezekano mkubwa umeme unatoka kwa jirani na unapita kwenye ethi yako. Nenda mkaongee naye kistaarabu, bila kulaumiana.

Kuna na wale wanaong'oa ethi kwa sababu zinki zinaisha haraka. Ni kweli, ethi inaziunganisha boti zote za gatini, na chuma cha mmoja kinaweza kuliwa kwa ajili ya mwenzie. Dawa yake si kuing'oa. Kipo kifaa kinachofungwa kwenye ethi, kinazuia umeme mdogo unaokula chuma lakini kinaruhusu ule wa hatari upite.

KWA NINI TUNASISITIZA

Maji baridi ni hatari kuliko ya chumvi. Baharini umeme unaona maji ni njia rahisi kuliko mwili wa mtu, ila ziwani mwili ndio njia rahisi. Kwa hiyo ndugu zetu wa Victoria, Tanganyika na Nyasa, hili ni lenu zaidi. Milliampia 10 hivi zinatosha kukaza misuli mtu ashindwe kuogelea, akazama bila alama yoyote mwilini. Tarehe 4 Julai 2012 huko Marekani watoto walikufa hivyo katika maziwa mawili tofauti, moja Tennessee na jingine Missouri.

Basi watoto wasiogelee karibu na gati lenye umeme, hata kama hakuna breka iliyowahi kuruka. Ukimuona mtu anatapatapa hapo, USIRUKE. Zima umeme wa gati kwanza, mrushie kamba au boya, akitolewa na hapumui aanze kusaidiwa pumzi na kukandamizwa kifua hapo hapo, huku mwingine anaita msaada.

Na fundi akikwambia dawa ni kung'oa ethi, mlipe nauli yake arudi nyumbani. Wadau mlioko magatini, mwenye nyongeza au swali amwage hapo chini.