Maswali ya Mwajiri: Kutoka Kipande hadi Chumba cha Usaili

Mwanamume aliyekwenda kuomba kazi katika shamba la mzungu huko Nakuru au Thika mwaka 1925 hakuulizwa mengi. Mwenye shamba alinyoosha mkono, akapokea kijisanduku cha bati kilichokuwa kikining'inia shingoni mwa mgeni wake, akakifungua na kukunjua karatasi iliyokuwa ndani. Mlikuwa na jina, kabila na alama za vidole. Mlikuwa na orodha ya waliomwajiri zamani, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka, na mshahara aliolipwa kila alikopita. Tajiri alikuwa na majibu yote kabla hajafumbua kinywa. Aliyesimama mbele yake hakujua lolote kumhusu tajiri huyo, wala hakuwa na ruhusa ya kuuliza.

Hicho ndicho kipande. Sheria iliyokileta ilipitishwa Kenya mwaka 1915, Vita Kuu vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Ilimgusa kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16. Kukutwa bila kipande kulimaanisha faini au kifungo. Aliyeondoka shambani kabla mwajiri hajatia sahihi alihesabiwa mtoro, na alama za vidole zilirahisisha kumsaka. Tajiri mwenye kinyongo hakuhitaji hata kumpiga mtu. Kumnyima sahihi kulitosha kumfungia milango ya kazi nchi nzima.

Mstari wa mshahara ulikuwa na madhara yake ya pekee. Kama karatasi ilisema shilingi 8 kwa mwezi, mwajiri mpya hakuona sababu ya kutoa 12, hata kama kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ujira mdogo wa jana ukawa kipimo cha ujira wa kesho, na mfanyakazi hakuweza kuuficha wala kuujadili. Wazee wengi walikichukia kipande hadi kufa kwao, na chuki hiyo haikutokana na uzito wa bati tu.

Hasira hizo zilipata msemaji mwaka 1921. Harry Thuku, mpokea simu wa Hazina jijini Nairobi, alianza kuhutubia mikutano ya hadhara dhidi ya kipande, kodi na mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele na wanawake wenzake. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21, naye Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni mwa watu kwa robo karne nyingine, mpaka sheria ya 1947 ya kuandikisha watu wa rangi zote ilipochukua nafasi yake.

Upande wa Tanganyika, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na utaratibu wao. Huko kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Wafanyakazi wa mkataba, manamba, waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, nyanda za Njombe, hata Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, ambayo iliwasafirisha na kuwagawa. Kilichochunguzwa kabla ya kupokewa kilikuwa mwili: nguvu za mikono, kifua, afya kwa jumla. Fundi wa kushona, mganga au mtu aliyejua kusoma aliingia katika orodha ileile, kwa kuwa shamba halikuwa na swali la kumtambua.

Uhuru ulikuja na swali jingine, la rangi. Watu waliozuiwa vyeo kwa sababu ya ngozi yao walitaka, kwa haki kabisa, kuziona ofisi zikijaa Waafrika, na kwa miaka miwili serikali ya Tanganyika iliwapa kipaumbele. Kisha tarehe 7 Januari 1964 Julius Nyerere alitangaza kwamba sera hiyo imefika mwisho: raia ni raia, na rangi yake isiwe kigezo cha kuajiriwa serikalini. Haukuwa uamuzi mwepesi. Tarehe 20 mwezi huohuo askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hata hivyo msimamo ule uliingiza katika siasa za ajira wazo ambalo sheria ingechukua miaka 40 kuliandika kifungu kwa kifungu.

Mwishoni mwa karne, swali lililotisha kuliko yote lilikuwa la damu. Mwaka 1996 Jacques Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria katika shirika la ndege la Afrika Kusini, South African Airways. Waombaji walikuwa 173. Alipita mchujo, vipimo vya akili, mahojiano na zoezi la kuigiza kazi yenyewe, akawa mmoja wa 12 waliochaguliwa. Kisha akapimwa damu, ikaonekana ana virusi vya UKIMWI, na nafasi ikayeyuka. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandile Ngcobo, iliamua kwamba alibaguliwa, na ikaliamuru shirika limwajiri. Majaji walitazama ushahidi wa kitabibu wakaona kwamba hali yake peke yake haikumfanya ashindwe kazi.

Afrika Mashariki ilifuata njia hiyohiyo kwa kutunga sheria. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya 2006 ilikataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2008. Kabla ya hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 ilikuwa imetoa orodha ndefu ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kubagua: kabila na mahali mtu atokako, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengineyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ina orodha inayokaribiana nayo. Na zote mbili zinamlinda hata mtu ambaye bado anaomba tu. Ulinzi unaanza kabla mkataba haujatiwa sahihi, pale mezani ambapo maswali yanaulizwa.

Zote mbili pia zinamwachia mwajiri haki yake: anaweza kuchagua kwa kufuata mahitaji halisi ya kazi. Hapo ndipo adabu ya kuuliza inapopata mizani. Anayetafuta afisa wa kusafiri mikoani wiki mbili kila mwezi hana haja ya kumuuliza mwanamke ana watoto wangapi au anatarajia kuolewa lini. Aeleze ratiba ya safari, aulize kama mwombaji anaimudu, na aulize hivyohivyo kwa wanaume wote wanaofuata. Anayetafuta mlinzi wa usiku hahitaji kujua mtu anaswali wapi. Ataje zamu na asikilize jibu. “Nyumbani ni wapi?” ni salamu njema kwenye basi la Mbeya au Kisumu. Ikitoka kwa mtu mwenye uwezo wa kutoa au kunyima kazi, katika nchi ambako jina la ukoo linatosha kutaja kabila, inageuka kitu kingine. Kenya ililitambua hilo katika Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyopiga marufuku taasisi ya umma kujaza zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja.

Sheria peke yake haijayafuta maswali ya pembeni, hata katika usaili wa vyeo vya juu kabisa. Mwaka 2011, chini ya katiba mpya, Wakenya walishuhudia kwenye televisheni watu wanaoomba ujaji mkuu wakihojiwa hadharani. Willy Mutunga, mwanasheria na mtetezi wa haki za binadamu, alijikuta akitakiwa kueleza hereni ya sikioni mwake. Alijibu kwamba hataivua hata akipewa cheo. Alikipata, akaapishwa Juni mwaka huo.

Mutunga alikuwa na jina, taaluma na kamera za taifa zima zikimtazama. Vijana wengi hawana hata kimoja. Juni 2014 zaidi ya waombaji 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mtu aliyeshindana na umati wa namna hiyo akafika mbele ya jopo atajibu lolote atakaloulizwa, na ndiyo maana wajibu wa kujizuia uko kwa anayeuliza. Hata nyaraka zinaweza kuwa mzigo: Kenya ilirekebisha Sheria ya Ajira mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya uthibitisho, ambavyo vijana walikuwa wakivilipia kwa kila ombi, mpaka awe na nia ya kumpa mtu mkataba wa maandishi.

Limebaki swali moja ambalo orodha za Kenya na Tanzania hazilitaji: “Kwa sasa unalipwa kiasi gani?” Linaulizwa kila siku, mara nyingi pamoja na ombi la kuona hati ya mshahara, na linafanya kazi ileile ya mstari wa kipande. Mwanamke aliyeanza kwa malipo pungufu hubeba upungufu huo kutoka ofisi hadi ofisi. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia waajiri kuliuliza mwaka 2016, ikaanza kazi Julai 2018, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo kama hilo mwaka 2023.

Njia ya kuliepuka haihitaji kusubiri bunge. Matangazo ya kazi ya serikali ya Tanzania huandika ngazi ya mshahara, kama vile TGS D, chini ya sifa za mwombaji, na kila anayetuma barua anajua cheo kinalipa nini bila mtu kumuuliza alikotoka alilipwaje. Kampuni binafsi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zinaweza kufanya hivyo katika tangazo lao lijalo.